Montoneros wa Argentina walimpigania Perón miaka yote ile, ilikuwaje akawatukana mbele za watu mpaka wakaondoka uwanjani?

fundi_simu_Kabwe

Wakuu habari za baridi. Niko Mbeya mjini, natengeneza simu pale Kabwe. Juzi jioni mjomba wangu kashuka kutoka Chunya akapita bandani kwangu akanikuta nimevaa jezi ya Argentina, akaniuliza, hivi unajua hao watu walichukua kombe lao la kwanza 1978 huku jeshi lao linaua vijana wa umri wako? Nikamwambia mjomba mi najua Kempes na Maradona basi. Ndo akaanza kunisimulia habari za kundi linaitwa Montoneros, vijana wa Perón, aliyewahi kuwa rais wao, waliokuwa wanabeba bunduki, akasema walikuwa wakomunisti tu hao wakaliharibu taifa lao.

Sasa usiku nikaingia kusoma mpaka saa nane na nimechanganyikiwa zaidi. Nilichoelewa ni kwamba hawa vijana walipigana ili Perón arudi kutoka uhamishoni, yeye mwenyewe akawa anawasifia kutoka Spain huko, halafu karudi, na Mei Mosi ya 1974 kasimama kwenye roshani ya ikulu anawaita wajinga wasio na ndevu mbele ya umati wote, na wao wakageuka wakaondoka maelfu kwa maelfu, uwanja ukabaki na mapengo. Miezi miwili baadae akafa.

Swali langu ni hili. Aliwasaliti au wao ndo walimsoma vibaya tangu mwanzo? Na pili, ni kweli walikuwa wakomunisti? Maana mi nimesoma kuwa walianzia kanisani, nikaona hapa hesabu hazikubali. Nawaombeni wanaojua historia mnisaidie, mjomba anarudi Jumamosi.

Mwl_wa_Kalenga

Kamwene kijana wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, historia nimeifundisha miaka mingi, na hili swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoyaona humu kwahiyo nitaandika kirefu unisamehe.

Usianze na Montoneros, anza na 1955. Perón alikuwa kanali wa jeshi, 1943 akapewa idara ya kazi, na pale ndipo alipojenga jina lake, mfanyakazi akapata likizo yenye malipo, mshahara wa 13 mwisho wa mwaka, chama cha wafanyakazi kikawa na nguvu, kibarua wa kiwanda cha nyama kwa mara ya kwanza akaona serikali inamtambua. Tarehe 17 Oktoba 1945 wenzake jeshini walikuwa wamemkamata, wafanyakazi wakaingia mjini Buenos Aires kwa miguu wakajaza uwanja wa Plaza de Mayo mpaka akatolewa. Mwaka uliofuata akachaguliwa rais. Mkewe Evita akasukuma wanawake wapate kura 1947. Watu wale maskini aliwaita wasio na mashati, na neno hilo likawa heshima kwao. Alikuwa pia na mkono mzito, magazeti aliyabana na wapinzani aliwafunga, hilo nalo liandike kwenye daftari lako.

1955 jeshi likampindua. Kabla ya hapo, mwezi Juni, ndege za jeshi lao wenyewe zilimwaga mabomu pale pale Plaza de Mayo mchana kweupe, wakafa watu zaidi ya 300. Halafu akaingia Jenerali Aramburu, na 1956 ikatoka amri kwamba hata kulitaja jina la Perón ni kosa, picha yake ni kosa, wimbo wa chama ni kosa. Juni mwaka huo huo Jenerali Valle alijaribu kuasi akapigwa risasi, na raia nao wakapelekwa jalalani usiku kule José León Suárez wakapigwa risasi.

Na mwili wa Evita. Hapa sisi watu wa Iringa tuna cha kusema. Evita alifariki 1952 na umri wa miaka 33, mwili wake ukatiwa dawa usioze. Jeshi lilipompindua mume wake likauiba ule mwili, ukahamishwa hamishwa humo mjini, mwisho wakauzika Milan, Italia, kwa jina la uongo. Miaka 14 mbele mume ndo anarudishiwa, 1971. Mimi nimepeleka wanafunzi makumbusho ya Kalenga mara nyingi, wakifika mbele ya kile kioo chenye fuvu la Mkwawa hata wale watundu wananyamaza. Lile fuvu mkataba wa Versailles wa 1919 uliandika kabisa lirudishwe, likarudi 1954. Mtu asiyejua anaona ni mfupa tu. Mhehe hawezi kukuelewa ukimwambia hivyo. Sasa chukua hasira hiyo uiweke kwa mtoto wa Argentina aliyezaliwa 1947 au 1948, amekulia kwenye nchi ambayo jina la rais anayependwa na watu wa mtaani linanong'onwa.

Ndo hao Montoneros. Jina wamelichukua kwa wale wapanda farasi wa vijijini wa karne ya 19. Mwanzoni walikuwa wachache sana, karibu dazeni moja. Fernando Abal Medina, Gustavo Ramus, Mario Firmenich, Emilio Maza, na mwanamke mmoja anaitwa Norma Arrostito. Tarehe 29 Mei 1970 wakaenda nyumbani kwa Aramburu, wawili wamevaa sare za jeshi, wakajifanya wametumwa kumpa ulinzi. Kwa masimulizi yao wenyewe waliyoyachapisha baadae, mzee yule aliwakaribisha kahawa. Wakamchukua mpaka shamba la familia ya Ramus kijijini Timote, wakamfanyia wanachokiita mahakama, mashtaka ni Valle na wenzake na mwili wa Evita, tarehe 1 Juni wakamuua. Abal Medina alikuwa na miaka 23. Kabla mwaka haujaisha yeye na Ramus na Maza wote watatu walikuwa wameshauawa.

Perón akiwa Madrid hakulaani. Aliwaandikia kukubaliana nao, akawaita vikosi maalum vya harakati. Hapo ndipo penye mbegu ya swali lako lakini nimechoka macho, wengine waendelee.

Mama_Katumba

Mwalimu shikamoo. Mi niko Tukuyu na nilisoma habari hizi kupitia upande wa kanisa kwahiyo nijibu hilo la ukomunisti kwanza.

Kijana, mwambie mjomba kwa heshima kwamba sio hivyo. Kuna waliokuja kuchanganya na Marx baadae, na 1973 walijiunga na kundi lingine linaitwa FAR ambalo lilikuwa la kimarx zaidi, ila wale wa kwanza kabisa walikuwa vijana wa Katoliki, watoto wa misa, Firmenich alikuwa kwenye Acción Católica kama vile huku vijana wanavyokuwa VIWAWA. Mlezi wao alikuwa padre mmoja kijana mtoto wa familia ya kitajiri anaitwa Carlos Mugica, yeye alihamishia moyo wake kwenye mtaa wa mabanda karibu na stesheni ya Retiro, wanauita Villa 31. 1966 aliwachukua wakaenda kufanya utume vijijini kaskazini mwa jimbo la Santa Fe, wakaona wakata miti wanavyoishi, watoto wanakufa kwa vitu vya kutibika. Yaani jaribuni kupiga picha, mtoto wa shule nzuri ya mjini kaenda na rozari karudi na swali ambalo hakuna mtu nyumbani anaweza kumjibu. Tena ni miaka ile ile padre Camilo Torres kafa msituni Colombia na bunduki mkononi. Mugica yeye alikataa bunduki, akawa anasema wazi yuko tayari kuuawa ila hayuko tayari kuua, na Perón aliporudi aliwaambia vijana wake sasa silaha zikae chini. Hawakumsikiliza. Tarehe 11 Mei 1974 katoka kusomesha misa jioni akapigwa risasi nje ya kanisa, na waliomuua ni Triple A, kikosi cha mauaji kilichoendeshwa na López Rega waziri wa Perón mwenyewe. Mi kila nikifika hapa naumia.

Sasa la usaliti. Babu yangu alienda Wenela, machimbo ya Afrika Kusini, kama wazee wengi wa huku Rungwe, akakaa karibu miaka tisa. Barua zilikuwa zinakuja, zinasomwa na mwalimu wa shule maana bibi hakujua kusoma. Baba mkubwa aliisikia barua ikisema shamba la migomba la bondeni ni lake, baba yangu nae akasikia ni lake, na wote wawili walikuwa wanasikiliza barua ile ile, kwenye jamvi lile lile. Babu alikuwa anaandika tu "wanangu shikeni shamba vizuri nitarudi". Aliporudi walikuwa hawasalimiani. Na yeye alikuwa mtu mwingine kabisa, mzee, mapafu yamechoka, anataka utulivu, anashangaa kuna ugomvi gani.

Perón alikaa nje miaka 18. Paraguay, Panama, Venezuela, Jamhuri ya Dominika, mwisho Madrid. Akawa anatuma barua na kanda zenye sauti yake. Akija kijana wa mrengo wa kushoto anamsifia mapinduzi, akija kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mrengo wa kulia anamwambia shikilia hapo hapo. Kila mmoja karudi Buenos Aires na Perón wake mfukoni. Vijana wa Montoneros wengi walikuwa hawajawahi kumuona hata siku moja, Perón alipopinduliwa walikuwa wana miaka saba, minane! Walimpenda mtu waliyemjenga kwa barua. Kwahiyo mi nasema alijua anachofanya, alihitaji wale majenerali waogope, na alipokuwa hawahitaji tena vijana akawaacha. Wao nao hawakutaka kusikia sentensi ambazo hazikuwa zao.

Dereva_Makambako

Mama Katumba umeandika vizuri na hilo la Wenela limenigusa maana hata kwetu lipo, lakini naomba tusiwapambe sana hao vijana. Naona watu wakisikia padre na maskini wanasahau damu.

Ngoja nieleze. Machi 1973 uchaguzi ukafanyika, Perón kazuiwa kugombea, akagombea Cámpora badala yake akashinda kwa karibu asilimia 50, vijana walimuita Mjomba, El Tío. Kaapishwa tarehe 25 Mei, wafungwa wa kisiasa wakatoka usiku huo huo. Yaani walishashinda. Serikali yao, bunge lao, magavana kadhaa wako upande wao. Tarehe 20 Juni Perón anarudi moja kwa moja, umati mkubwa haujawahi kuonekana umejaa uwanja wa ndege wa Ezeiza, na hapo naungana na nyie, mrengo wa kulia waliokuwa wamepewa ulinzi wa jukwaa ndo waliofyatulia risasi safu za vijana, wakafa watu wasiopungua 13 na ndege ya mzee ikaenda kutua kwingine. Ule ulikuwa unyama. Cámpora kajiuzulu Julai, uchaguzi mpya Septemba 23, Perón kapata asilimia kama 62.

Sasa siku mbili tu baada ya huo ushindi, tarehe 25 Septemba, José Ignacio Rucci kauawa kwa risasi akiwa anatoka kwenye nyumba. Huyu ni katibu mkuu wa CGT, shirikisho la wafanyakazi. Mnaijua ile picha ya Novemba 1972 Perón karudi kwa muda mfupi, mvua inanyesha, ameshuka kwenye ndege na pembeni kuna jamaa mwenye masharubu amemshikia mwavuli huku uso umejaa furaha? Ndo Rucci huyo. Montoneros hawakusaini kile kifo kwa maandishi lakini kila mtu alijua ni wao na mzee alijua. Walitaka kumpa ujumbe wa kumshurutisha akae nao mezani. Wewe umechaguliwa na watu asilimia 62, umri wako 77, moyo mgonjwa, wanakuulia mtu aliyekushikia mwavuli, utawasifia Mei Mosi?

Na usisahau pale uwanjani wao ndo walianza, walikuwa wanaimba Jenerali kuna nini, mbona serikali ya watu imejaa masokwe. Masokwe ni jina walilowaita maadui wa Perón. Wanamwambia Perón kwamba serikali ya Perón ni ya maadui wa Perón. Hapo nani kamvunjia nani heshima?

Mwl_wa_Kalenga

Dereva umenena na Rucci nilipaswa kumtaja mimi. Naongeza moja tu. Hata kama hasira ya mzee ilikuwa ya haki, aliyoyaacha yaendelee chini yake sio ya haki. Triple A ilizaliwa akiwa hai na akiwa rais.

fundi_simu_Kabwe

Aisee asanteni sana, mwalimu shikamoo, mama shikamoo. Kumbe nilikuwa naangalia Mei Mosi peke yake kumbe ile ni mwisho wa barabara ndefu. Niulize tena, baada ya mzee kufa Julai 1974 kwanini hawakuacha? Maana mtu waliyegombana nae hayupo tena. Na kuna mahali nimesoma walichukua fidia ya dola milioni 60 nikadhani wamekosea sifuri.

Dereva_Makambako

Hawajakosea. Mjane wake Isabel ndo kawa rais, López Rega ndo anaongoza nyuma ya pazia, Septemba 1974 Montoneros wakatangaza wanarudi mafichoni. Wiki mbili baadae wakawateka Jorge na Juan Born, ndugu wawili wa kampuni kubwa ya nafaka, na ndo zikatoka hizo milioni 60. Oktoba wakafukua mwili wa Aramburu makaburini Recoleta, yaani mtu waliyemuua wenyewe, wakasema hatumrudishi mpaka Evita aletwe kutoka Madrid. Evita akaletwa Novemba. Mwalimu na fuvu lako hapo sijui unasemaje, kwangu mimi kuchukua maiti ya mtu ili urudishiwe maiti yako ni kuwa sawa na yule uliyemlaani.

Oktoba 1975 wakashambulia kambi ya jeshi Formosa. Wanajeshi waliokufa kule wengi walikuwa makuruta, vijana wa lazima kama hawa wetu wa JKT mujibu wa sheria, watoto wa maskini wa vijijini. Mi mdogo wangu alikuwa Mafinga JKT mwaka ule wake, kila nikisoma hiyo habari namuona yeye kalala kwenye deka.

binti_wa_Mufindi

Jamani ngoja na mimi niseme maana mnaongelea viongozi tu. Tarehe 24 Machi 1976 jeshi likapindua, Videla akaingia, na ile mashine ya mauaji ilikuwa imeshaandaliwa. Waliokamatwa hawakupelekwa mahakamani, walipotea tu. Tume ya serikali baada ya udikteta iliandika majina 8,961, mashirika ya haki za binadamu yanasema 30,000. Na wengi hawakuwahi kushika bunduki, walikuwa wa tawi la vijana, wanafunzi wa sekondari, wawakilishi wa viwandani, walimu wa jioni mitaa ya mabanda. Kundi lilipoingia mafichoni wao walibaki nyumbani kwao kwa majina yao yale yale, kila mtu mtaani anajua fulani alikuwa anagawa vipeperushi vya Montoneros. Walifikiwa kwanza.

Norma Arrostito jeshi lilitangaza Desemba 1976 kwamba limemuua barabarani, kumbe yu hai, amefungwa pingu za miguu ESMA, shule ya mafundi wa jeshi la majini, akakaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja ndo wakamuua Januari 1978. Rafiki zake walishamlilia. Na kaka fundi, kuhusu jezi yako, uwanja wa River Plate ambako Argentina iliifunga Uholanzi 3 kwa 1 fainali ya Juni 1978 hauko mbali na ESMA, wafungwa walikuwa wanasikia watu wanashangilia magoli. Mjomba alikuwa sahihi kwa hilo.

Kitu ambacho siwezi kuwasamehe viongozi ni 1979 na 1980. Wao wako nje salama, Mexico, Ulaya, wanajipa vyeo na sare, wakaamua kwamba udikteta unaanguka, wakawarudisha wanachama waliokuwa wameshaokoka ili waende kufanya mashambulizi. Wengi walidakwa hata kabla hawajafanya chochote. Kabla ya hapo kulikuwa na mwandishi Rodolfo Walsh, alikuwa mwenzao upande wa habari, binti yake Vicky alikuwa ameshakufa akipigana na jeshi Septemba 1976, aliwaandikia viongozi kabisa kwamba tumeshindwa kijeshi, watu wanarudi nyuma, tuokoe maisha. Hawakumjibu la maana. Machi 24, 1977 akaandika barua ya wazi kwa utawala wa kijeshi akiwataja kwa hesabu waliowaua na uchumi walioubomoa, kesho yake akaenda kuituma posta, siku hiyo hiyo wakamvizia barabarani. Mwili wake haujaonekana mpaka leo.

fundi_simu_Kabwe

Dada hapo kwa Walsh nimeacha kazi nikakaa kimya kidogo, mteja akadhani simu yake imekufa.

Na Firmenich?

Mwl_wa_Kalenga

Alikamatwa Brazil 1984 akarudishwa, akahukumiwa miaka 30, Rais Menem akamsamehe 1990. Katika wale watano niliokutajia mwanzo ni yeye tu aliyezeeka.

Kijana, ukikaa na mjomba Jumamosi usiende na majibu ya kumshinda. Muulize yeye 1978 alikuwa wapi na nani alimwambia habari za lile kombe, maana nina hakika aliisikia redioni. Halafu uje utuandikie.

Mama_Katumba

Na umsalimie sana. Kama anapita Tukuyu ndizi zipo.